Maagizo ya Mama wa Choo

Loishiye, sogea kwanza hapa penye taa.
Bado una vumbi la Mererani masikioni,
sabuni ya gesti haikuliweza.

Mlangoni watakugonga muhuri mkononi, wino wa zambarau.
Hautoki upesi. Jumapili, ukipokea sadaka,
kunja mkono wa shati.
Simu yako wataibandika plasta kwenye jicho lake.
Usifoke. Humu ndani hakuna anayetaka kukumbukwa,
wewe wa kwanza.

Maji, elfu nne. Ndiyo, maji.
Mto Naura unapita nyuma ya ukuta huu bila kumdai mtu;
utausikia muziki ukikatika.

Utapewa kiti. Kitakuwa na unyevu, usiulize.
Taa nyekundu itamfanya kila mtu
aonekane kama ametoka kuugua.
Wewe umekuja ukitarajia moto,
nami nakwambia kuna baridi: ni Julai,
upepo wa Meru unaingia kwenye matundu ya misumari,
na wasichana wanazicheza kwa kasi nyimbo mbili za mwanzo
wapate joto.
Nyie mezani mnaita mahaba.

Halafu atatoka mmoja, mtangazaji amwite Tanzanaiti.
Usicheke. Najua,
ndilo jiwe ulilolilalia njaa miaka mitatu
kamba kiunoni, kurunzi kichwani,
na umeliona mara mbili tu,
mara zote kiganjani mwa mtu mwingine.

Jina lake la nyumbani ninalo mimi,
hapa kwenye ndoo, pamoja na viatu vyake vya kamba
na sweta la shule la mwanawe.
Anashona vifungo kati ya zamu na zamu,
sindano yangu, uzi wake.
Jana jamaa mmoja aliniwekea elfu hamsini juu ya sinki
nimtajie jina hilo.
Nilimpa karatasi ya choo, nikamwambia afute miguu.

Mikono yako iache magotini.
Si kwa kumwogopa Kisoki pale mlangoni, ingawa mwogope;
ni kwa kuwa hukuja kununua nyanya.

Akikaa karibu nawe ataomba kinywaji.
Utalipia mvinyo, ataletewa Ribena na maji.
Anajua, mhudumu anajua, sasa na wewe unajua.
Kunyweni.
Atakuuliza kazi. Wenzako wote husema "biashara".
Kuna mzee wa Usa alilipia nyimbo tatu mfululizo
akamsimulia ng'ombe wake aliyekufa kwa kuvimba tumbo,
mwanzo mpaka mwisho, rangi yake, maziwa yake,
akainuka akaenda zake.
Hakumtazama hata shingo.
Msichana alikuja hapa akakaa juu ya ndoo,
akaniuliza, hivi ng'ombe akivimba
hawawezi kumchoma mkuki ubavuni?

Utakuja kwangu, huwa mnakuja. Mia tano.
Kioo kina ufa, unakata uso hapa, kwenye shavu.
Wengi hujitazama wakanawa mara mbili.
Mimi hugeukia ukutani nikahesabu chenji.

Sasa nipe nauli yako ya kurudi. Yote.
Naandika jina lako kwenye karatasi, ona,
naiviringisha na noti.
Saa nane utakuja kuidai kwa matusi, sitakupa.
Saa kumi utanililia, sitakupa.
Saa kumi na moja tutaonana.

Nje, kwa Aikande, mtori unakuwa tayari alfajiri.
Atakuja dada mmoja kwenye benchi lako,
kitenge kichwani, viatu vya kamba,
mfuko wa plastiki una sweta.
Atapuliza bakuli kama mtu yeyote mwenye njaa.

Hutamjua.
Ukimjua, usimjue.
Msogezee chumvi.